Kichwa cha Sauli na sanamu ya Lusinga



Mwezi huu fungueni Biblia kwenye 1 Samweli sura ya 31, wekeni alama hapo, kisha mniruhusu nizungumze kwanza juu ya kipande cha mti. Kwa Sauli tutafika.

Kipande hicho cha mti kiko Ubelgiji, katika mji wa Tervuren karibu na Bruxelles, ndani ya makumbusho makubwa yaliyofunguliwa mwaka 1910 kwa ajili ya vitu vya Kongo. Ni sanamu ya mwanaume aliyesimama. Urefu wake ni karibu sentimita 70. Ukiiweka chini mbele yako itakufikia pajani. Picha yake imechapishwa katika vitabu vya sanaa ya Afrika, na wenye ujuzi wa mambo hayo huihesabu kati ya kazi nzuri zaidi zilizotoka kando ya ziwa Tanganyika. Ziwa letu hili hili, ndugu msomaji. Ukipanda boti ya mbao hapa Baraka, ukapita Kalemie, ukaendelea kusini kuelekea Moba, utapita mbele ya Mpala. Sanamu hii ilitoka kwenye milima ya nyuma ya Mpala, kwa majirani zetu Watabwa.

Wengi wetu tukiona sanamu ya wazee tunageuza uso, ama tunacheka, ama tunaanza kukemea pepo. Leo tusifanye hata moja ya hayo matatu. Tuitazame tu, sawa mtu anavyomtazama mgeni aliyefika uani.

Anza na mikono. Imewekwa tumboni, huku na huku ya kitovu. Kitovu ni mahali ambapo kila mmoja wetu alifungwa kwa mama yake. Sisi Babembe tunahesabu ukoo upande wa baba; Watabwa wanauhesabu upande wa mama, na utawala unapita huko huko, mjomba kwa mtoto wa dada. Kwa hiyo mimi nikiona mikono ile juu ya kitovu nasoma neno moja: «Natoka kwa fulani.» Hashiki mkuki, hashiki bunduki, ingawa mwenye sanamu alikuwa na bunduki nyingi kama tutakavyoona. Anashika mahali alipotoka.

Halafu nywele. Zimesukwa vizuri na kushuka mgongoni. Akina mama mnaosoma hapa mnajua kazi ya kusuka: mutu hawezi kujisuka hivyo peke yake. Anakaa chini masaa mengi, na kichwa chake kiko mikononi mwa mutu anayemwamini. Aliyechongwa hapa alikuwa mtu mwenye watu.

Tena kuna chale usoni na mwilini. Watabwa walipenda sana mchoro wa pembe tatu zilizopangwa mstari, wakauweka kwenye ngozi, kwenye mikeka na kwenye miti waliyochonga. Waliuita balamwezi, maana yake kuchomoza kwa mwezi mpya. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapo, neno «mwezi» analiona mwenyewe. Zile siku mbili tatu ambazo mwezi haupo kabisa, wavuvi wetu wa Baraka wanazijua ni za giza namna gani. Kisha magharibi unaona kauzi kembamba ka mwanga. Watu walioandika jambo hilo kwenye ngozi zao hawakuwa wajinga. Walikuwa wanafikiri juu ya giza na mwanga kabla hatujawaletea mahubiri.

Na magoti yamekunjwa kidogo, si ya mtu aliyechoka. Ni sawa mtu anayetaka kuinuka.

Aliyefanya kazi hii alitumia shoka ndogo na kisu. Jina lake hakuna aliyeliandika. Jina lililoandikwa ni la yule aliyeichukua.

Sasa ilikuwa ya kazi gani? Watabwa waliziita sanamu za namna hii mikisi. Zilisimama kwa ajili ya wakubwa waliokufa, na mtawala aliziweka ili watu wote wajue kwamba kiti chake hakukiokota njiani. Muumba waliyemjua waliita Leza, na Leza hawakumchonga. Hapa lugha yetu inatutia shida kidogo, maana Kiswahili cha Biblia kinatumia neno «sanamu» kwa mungu wa kuchongwa, na Kiswahili cha barabarani kinatumia neno hilo hilo kwa mfano wowote wa mtu, hata ule wa jenerali anayesimama katikati ya mji. Njo maana kijana akisikia Kutoka sura ya 20 anafikiri kila mti uliochongwa uso ni mungu wa uongo. Apana. Lakini pia tusijidanganye upande wa pili. Wazee hawakuzitazama tu kama sisi tunavyotazama fotoo ya babu ukutani. Walizipelekea sadaka, waliziomba mawindo na uponyaji. Mlango huo Kristo ameufunga, nami nahubiri hivyo kila Jumapili na sitabadilisha. Ninachokataa ni kuhukumu kitu kabla ya kukijua.

Mwenye sanamu aliitwa Lusinga lwa Ng'ombe. Hakuwa mtu mwema, ni lazima niseme wazi. Katika miaka ya 1870 alijipatia bunduki na baruti kwa wafanya biashara wa pwani, na alizilipa kwa watu. Alishambulia vijiji, akakamata wanaume, wanawake na watoto, wakauzishwa. Msafiri Mskoti Joseph Thomson alifika kwake mwaka 1879 na akaandika habari zake kwa uchungu. Sisi wa mwambao wa kaskazini tusijione safi: biashara ile ilipita huku pia, na watu wa Rumaliza wa Ujiji walifika mpaka Uvira. Wengi wa wasomaji wa gazeti hili ni wajukuu wa waliokamatwa au wa waliokamata, na jamaa nyingine ni wa pande zote mbili.

Mwaka 1883 akafika Mpala askari Mbelgiji, Luteni Émile Storms, aliyetumwa na shirika la mfalme Leopold wa Pili. Akajenga ngome, watu wakamwita Bwana Boma. Lusinga alikuwa na milima, Storms akautaka ukubwa ule ule juu ya mwambao ule ule. Fahali wawili, zizi moja. Tarehe 4 Desemba 1884 watu wa Storms wakapanda mlimani wakamwua Lusinga, wakamkata kichwa. Kijiji kikachomwa, watu wakafa, wengine wakatekwa. Kichwa kikapelekwa kwa Storms. Sanamu nayo ikachukuliwa.

Mwaka 1885 Storms akarudi kwao, na Mpala ikakabidhiwa kwa mapadri Wamisionari wa Afrika. Akasafiri na mafuvu matatu ya vichwa: la Lusinga, la Maribu na la Mpampa. Mwaka 1886 daktari mmoja wa Bruxelles, Émile Houzé, akaeleza vipimo vya mafuvu hayo mbele ya chama cha wataalamu, katika ile elimu ya uongo ya wakati ule iliyodai kwamba unaweza kupima akili na tabia ya mtu kwa kupima mfupa wake. Sanamu yenyewe Storms aliiweka nyumbani mwake, kati ya mikuki na vitu vingine vya vita, kama mwindaji anavyotundika pembe. Alikufa mwaka 1918. Katika miaka ya 1930 mali ile ikatolewa na mjane wake kwa makumbusho ya Tervuren, na mwaka 1964 mafuvu yakahamishiwa taasisi ya elimu ya viumbe huko Bruxelles. Sanamu ikawa «sanaa», kichwa kikawa «mfano wa kisayansi». Mutu mumoja, wakamgawa katika nyumba mbili.

Sasa rudini kwenye ile alama mliyoiweka. Sauli amekufa juu ya mlima Gilboa. Wafilisti wanafika kesho yake, wanakata kichwa chake, wanamvua silaha. Silaha wanazipeleka katika nyumba ya Maashtorethi, mwili wanaupigilia ukutani pa Beth-shani. Na 1 Mambo ya Nyakati 10:10 inatuambia kichwa kiliwekwa katika nyumba ya Dagoni. Ndugu msomaji, nyumba ile ya Dagoni ilikuwa nini kwa siku ile? Ilikuwa mahali ambapo mshindi anaonyesha watu wake alichomfanyia adui. Watu waliingia, wakatazama, wakatoka na furaha. Mimi nasoma hadithi ya Storms na nyumba yake na naona nimekwisha kuisoma zamani.

Lakini mnajua Sauli naye alikuwa nani. Aliua makuhani wa Nobu, watu themanini na watano kwa siku moja (1 Samweli 22). Alimwinda Daudi kama kware milimani. Na mwisho wake alikwenda usiku kwa mwanamke wa Endori kuuliza wafu, jambo lile lile tunalowakataza wakristo wetu. Kama ni orodha ya makosa, Sauli na Lusinga wanaweza kukaa benchi moja.

Pamoja na hayo, wanaume wa Yabeshi-Gileadi waliposikia, waliinuka wakatembea usiku kucha. Wakaishusha maiti yake na za wanawe kutoka ukutani wa adui, wakaizika mifupa chini ya mti, wakafunga siku saba. Hawakuuliza kwanza kama Sauli alistahili. Walikumbuka kwamba siku moja aliwaokoa (sura ya 11), na zaidi ya hapo walijua kwamba mfalme wa Israeli hawezi kubaki mapambo ya Wafilisti. Miaka mingi baadaye Daudi, yeye aliyewindwa, akaichukua mifupa hiyo akaizika kaburini mwa babaye Sauli (2 Samweli 21). Habari ya kichwa, Biblia haisemi kilirudi lini.

Njo hapa nasimama mimi kuhusu Lusinga. Ubaya wake ni wa kwake, na Hakimu wake si mimi. Lakini ubaya wake haukumpa Storms haki ya kumweka kichwa chake sandukuni, wala haki ya kuchukua mikisi ya ukoo mzima, ambao ndani yake walikuwa wamama na watoto wasiouza mtu. Wengine wanatuambia Storms alivunja biashara ya watumwa na ibada ya sanamu. Kuhusu ibada ya sanamu jibu ni rahisi: Hezekia alipoona watu wanaifukizia uvumba nyoka ya shaba aliivunja vipande (2 Wafalme 18:4). Aliivunja, hakuibeba kwenda kuipamba sebuleni. Waliobeba ni wale Wadani wa Waamuzi sura ya 18, walioingia kwa Mika na silaha wakachukua sanamu zake, na Biblia haiwasifu. Someni wenyewe sura ile usiku mmoja jamaa yote pamoja, mtaona mwenye nyumba anawakimbilia nyuma akilia, nao wanamwuliza analilia nini.

Na Wabelgiji walikuwa na sanamu yao vilevile. Katika kiwanja cha Meeûs huko Bruxelles walimsimamisha Storms, kichwa na mabega, juu ya jiwe. Mwaka 2018 mwandishi wa habari Mbelgiji, Michel Bouffioux, akaandika hadharani kwamba fuvu la Lusinga bado liko kwenye sanduku katika taasisi ile. Kelele zikaanza, Wakongo wanaoishi kule wakasimama, na mwaka 2022 sanamu ya Storms ikaondolewa kiwanjani. Kwa hiyo kwa miaka mingi mji mmoja ulikuwa na vichwa viwili: kimoja juani juu ya jiwe, kingine gizani bila kaburi.

Ninaandika haya kwa sababu ya swali lililofika kwangu kutoka machimboni. Kijana mmoja, jina lake sitalitaja, amerithi kwa babu yake kitu cha mti kilichofungwa ndani ya nguo ya zamani, kilikuwa juu ya dari. Mhubiri mmoja amemwambia akichome mbele ya mkutano. Mtu mmoja anayezunguka kununua zahabu amemwambia atampa dola. Anauliza: «Pasta, nifanye nini? Nikiuzisha, ni zambi? Nikichoma, ni baraka?»

Mwanangu, kama kuna mtu nyumbani mwenu anayekilisha kitu hicho, anayekiogopa, anayekiuliza habari za ugonjwa, hiyo ni kazi ya toba na maombi, na jamaa wenyewe pamoja na wazee wao wataamua mchana, bila kelele za jukwaa. Nimeona mikutano ambako moto uliwaka sana na siku ya tatu watu walikuwa kwa mganga. Moto unachoma mti, hauchomi woga.

Kuhusu dola, fikiri kama mchimbaji. Zahabu ukiipata shimoni haina babu. Haijui jina lako. Ukiiuza leo, kesho unaweza kuchimba nyingine, Mungu akipenda. Kitu cha babu si chako peke yako, ni cha ukoo, na waliokufa na wasiozaliwa bado wana sehemu yao ndani yake. Mnunuzi huyo anajua bei yake ya Ulaya, wewe unajua njaa ya wiki hii tu. Mapatano hayo yatakuwa namna gani? Vitu vyetu vya Fizi vilikwisha kuondoka hivyo. Profesa Daniel Biebuyck, aliyefanya utafiti kati ya Babembe kuanzia mwaka 1949, alichapisha mwaka 1981 kitabu kizima juu ya sanamu za upande wetu, za Basikasingo na jirani zao, na sanamu nyingi anazozieleza ziko katika makumbusho na nyumba za matajiri wa ng'ambo. Barakoa ya alunga, ile yenye nyuso mbili na macho makubwa yanayotazama mbele na nyuma, leo mtoto wa Baraka ataijua kwa picha ya kitabu kuliko kwa mdomo wa babu yake.

Basi kabla ya moto na kabla ya dola, fanya kazi moja isiyo na gharama. Chukua daftari. Andika kitu hiki kilikuwa cha nani, aliyekichonga kama anajulikana, kijiji gani, kiliitwaje kwa Kibembe, kilitolewa lini na kwa sababu gani. Keti na mzee wa ukoo umwulize, umpe chai, usimkatize, hata akianza mbali. Sanamu ya Tervuren ingekuwa na karatasi ya namna hiyo, leo tungejua jina la yule fundi.

Nimalizie na habari za sheria, kwa sababu vijana hupenda kuuliza, «Sasa itarudi?» Mwaka 2019 Kinshasa ilifungua makumbusho mapya ya taifa, yaliyojengwa kwa msaada wa Korea ya Kusini. Juni 2022 mfalme Philippe wa Ubelgiji alikwenda kule akiwa na barakoa ya Wasuku, kakuungu, akaiacha kwa mkopo usio na mwisho. Mkopo, mnasikia. Mwezi uliofuata Ubelgiji ikatoa sheria ya kurudisha vitu vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni. Sheria hiyo ni ya vitu tu, mifupa ya watu haimo. Na vitu vyenyewe vinahesabiwa kuanzia mwaka 1885, dola ya Leopold ilipoanza. Lusinga aliuawa Desemba 1884.

Kati yenu mnaochimba Misisi na Lubichako wapo waliotoka Moba, Mpala na Kalemie. Kama kwenu bado kuna mzee anayesimulia habari za Bwana Boma, au anayejua wapi Watabwa wa milima ile walizikwa, mwandikeni maneno yake na kuyaleta parokiani kwenu. Tutayapokea kwa kila lugha, hata yakiwa kwenye karatasi ya sigara.